Jinsi ya Kujiandaa kwa Giza Kuu Bila Serikali Kujua

Kabla ya kununua chochote, tafuta shemeji. Mwongozo huu hautakufaa bila shemeji. Awe anaishi Marekani, afanye kazi zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo, na awe na kifurushi cha intaneti kisichokwisha. Wangu, mdogo wake mke wangu, yuko Ohio. Kwao ikiwa saa sita usiku, muda wa kukaa chini na kula, kwetu Dar es Salaam ni saa moja asubuhi, muda wa mimi kutafuta soksi ya pili. Hapo ndipo ujumbe wake wa sauti huingia.

"Shem, upo? Sikiliza hii, halafu ifute."

Dakika 11. Sijawahi kufuta hata mmoja. Kama kuna idara inayozitafuta jumbe hizo, zote zipo kwenye simu yangu, katikati ya picha za kipaimara na tokeni za luku.

Habari yenyewe ni hii. Siku moja bomu la nyuklia litalipuliwa juu, juu sana, nje ya hewa tunayovuta. Hakuna atakayesikia mshindo. Hakuna ukuta utakaoanguka. Ila kila chenye waya kitakata roho: taa, simu, gari, pampu ya maji, mashine za hospitali. Wataalamu wanauita mpigo wa sumakuumeme. Shemeji anauita "kile kitu". Na serikali ya Marekani, anasema, inakijua kile kitu nje ndani, na imenyamaza.

Basi tujiandae.

Hatua ya kwanza ni chombo. Mwaka 1836 Mwingereza Michael Faraday alijenga chumba, akakifunika kwa metali, akaingia ndani na vipimo vyake huku umeme mkali ukipigwa kwenye kuta za nje. Ndani hakikusogea kitu. Toka siku hiyo, binadamu mwenye wasiwasi anajua kwamba kifaa chake kitakuwa salama kikizungukwa na metali pande zote. Wamarekani wenye uwezo hununua mifuko maalumu. Wa kati hununua mapipa ya bati ya kuwekea takataka. Mimi nilitazama juu ya kabati la mama.

Unalijua lile kopo. La duara, la bluu, la biskuti za siagi. Katika nchi hii hajapata kuzaliwa mtoto aliyelifungua akakuta biskuti. Ndani kuna nyuzi, sindano zilizochomekwa kwenye kipande cha sponji, vifungo vya shati lililokwisha kuwa dekio, zipu moja na chaki ya fundi. Nikamwaga vyote kwenye bakuli, nikaweka simu yangu, nikafunika, nikaipigia kwa simu ya mwanangu.

Ikaita. Iliita vizuri kuliko inavyoita mezani, maana mtetemo ulilipata bati na bati likaitikia. Debe tupu haliachi kuvuma. Lenye simu ndani ni ngoma kamili. Mama akauliza kutoka chumbani kama kuna mgeni.

Kosa ni mfuniko. Ukingo wa kopo umepakwa rangi, na rangi haiachi metali iguse metali, kwa hiyo unabaki ufa mwembamba unaozunguka duara zima. Kwa jicho ni ufa wa kupitisha unywele; kwa mawimbi ya simu ni geti lililo wazi. Nikakwangua rangi kwa kisu cha jikoni mpaka bati likang'aa, nikaweka kadibodi ndani ili simu isiguse chuma, nikafunga kopo lote kwa foili ya kuokea samaki, tabaka mbili, kingo nikazikunja kama za sambusa. Nikapiga tena. Yule dada wa kwenye mtandao akasema kwa upole kwamba namba ninayopiga haipatikani.

Sijawahi kufurahia sentensi ile kama siku hiyo.

Sasa neno dogo la kukuvunja moyo, ulipokee ukiwa umekaa. Simu iliyolala mezani, isiyochomekwa kwenye chaja, ni fupi mno kukusanya nguvu nyingi ya mpigo. Mpigo unapenda nyaya ndefu: laini za simu, laini za umeme zinazovuka mikoa. Hizo ndizo antena zake. Kinachohitaji kopo, kwa hiyo, ni gridi ya taifa, na kopo la ukubwa huo madukani halipo.

Hatua ya pili ni kumjua adui, na hapa nakiri kwamba shemeji ana haki kuliko ninavyopenda. Kile kitu kipo. Usiku wa tarehe 8 Julai 1962, saa tano kwa saa za Hawaii, Wamarekani walilipua bomu la megatani 1.4 juu ya kisiwa cha Johnston katika Bahari ya Pasifiki, kimo cha kilomita 400. Jaribio liliitwa Starfish Prime. Honolulu iko mbali kwa takriban kilomita 1,400, na bado taa za barabarani zipatazo 300 zilizimika, ving'ora vya kuzuia wezi vikalia bila mwizi, na mtambo wa simu za kwenda kisiwa cha Kauai ukaharibika.

Tega sikio kwenye suala la siri. Jaribio halikuwa siri hata chembe. Lilitangazwa. Hoteli za Honolulu ziliandaa sherehe juu ya mapaa, wageni wakapanda na bilauri mkononi kungoja bomu kama watu wa Forodhani wanavyongoja jua lizame. Wakaona anga inageuka rangi ambazo hawakuwahi kuziona. Ambacho wageni hawakujua ni kwamba taa za mtaani zingezimika, na wenyeji wa shughuli hawakujua zaidi yao. Mpigo uliwazidi kimo: ulikuwa mkubwa kuliko walivyokadiria, kiasi kwamba vipimo vyao vingi viligonga mwisho na kushindwa kuusoma. Ikabidi angojewe mwanafizikia wa Los Alamos, Conrad Longmire, mwaka 1963, aeleze kilichotokea: kwamba mionzi ya gama ya bomu inaporomoka chini, inazikuta chembe za hewa, inazing'oa elektroni zake; elektroni zinakimbia, usumaku wa dunia unazipinda, na katika kupindwa huko zinatoa mawimbi ya redio kwa pamoja, kwa kishindo kimoja kifupi kuliko kufumba na kufumbua.

Kwa hiyo siri ya mwanzo kabisa ya kile kitu ilikuwa kwamba wenye bomu walikuwa wanauliza na wao.

Mionzi iliyobaki angani iliendelea kuua satelaiti kwa miezi. Ariel 1, satelaiti ya kwanza ya Uingereza, ilikuwa imerushwa Aprili mwaka huohuo kwa roketi ya Marekani. Julai bomu la Marekani likaiumiza. Jamaa kakupa lifti, kisha kakugonga na gari lilelile.

Ukitaka siri ya kweli, nenda Kazakhstan. Tarehe 22 Oktoba 1962 Wasovieti walilipua bomu la kilotani 300 kwenye kimo cha kilomita 290, juu ya nchi kavu yenye watu wake, mifugo yao na simu zao. Siku hiyohiyo Rais Kennedy alikuwa kwenye televisheni akizungumzia makombora ya Cuba, na dunia ilikuwa inatazama upande huo. Katika mji wa Karaganda hapakuwa na sherehe juu ya paa. Laini ya simu ya kilomita 570 iliunguza fyuzi zake. Kebo ya umeme iliyofukiwa ardhini, ndefu kiasi cha kilomita 1,000, ilizimika, na kituo cha umeme cha Karaganda kikashika moto. Wanasayansi wa Urusi walikuja kuyaeleza hayo hadharani miaka ya 1990, Muungano wa Kisovieti ukiwa umekwisha kuvunjika. Mtu wa kule alikaa miaka thelathini akidhani simu yake iliharibika kama simu zinavyoharibika.

Hatua ya tatu ni handaki. Shemeji angependa sana kuchimba, tatizo anaishi ghorofa ya tatu na mwenye nyumba hataki hata misumari ukutani. Tujifunze kwa wenye uwanja.

Pale White Sulphur Springs, jimbo la West Virginia, kuna hoteli ya kifahari iitwayo Greenbrier. Mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali ilianza kujenga chini ya bawa jipya la hoteli hiyo handaki la kuficha Bunge zima la Marekani siku ya kiama cha nyuklia. Lilikuwa na vitanda zaidi ya 1,000 vya kupandana na mlango wa chuma wenye uzito wa tani 25. Sehemu ya handaki ilikuwa ukumbi wa maonyesho, na wageni wa hoteli walifanyia mikutano yao humo. Walikuwa wanasikiliza hotuba za mauzo ndani ya handaki la vita kuu, na mlango wa tani 25 uko pale pembeni, nyuma ya ukuta wa kusogezwa uliobandikwa karatasi za maua.

Na nani analitunza? Kampuni inayoitwa Forsythe Associates, ambayo wafanyakazi wake walijulikana hotelini kama mafundi wa televisheni. Televisheni walizitengeneza kweli, hilo ndilo linalonisisimua. Wanapanda chumbani na bisibisi, wanagongagonga mgongo wa televisheni, picha inakaa sawa, halafu wanashuka chini kuangalia kama jenereta na matangi ya maji ya mwisho wa dunia yako sawa. Nina fundi wangu wa redio ambaye kila nikimpigia yuko saiti nyingine. Nilikuwa namfikiria vibaya.

Siri ile ilikaa karibu miaka thelathini, hadi tarehe 31 Mei 1992, mwandishi Ted Gup alipoianika katika gazeti la Washington Post. Washington walishtuka. Wenyeji wa kule milimani hawakushtuka sana, maana siri ya mtungi aijuaye kata, na zege lile halikumwagwa na mabalozi. Tena kijiji kina uwanja wa ndege jirani wenye njia ndefu kuliko mahitaji ya kijiji. Mimi ningeshtuka mapema zaidi, kwa dalili moja tu: fundi wa televisheni anayekuja siku uliyomwita. Leo handaki limestaafu na watalii wanakata tiketi kuliona.

Waingereza hawakuwa na hoteli ya kutosha. Walikuwa na kijitabu, *Protect and Survive*, kilichotakiwa kukaa kabatini mpaka vita inukie. Habari zikavuja, watu wakakitaka, na Mei 1980 kikaingia madukani kwa peni 50. Wananchi wakakifungua kwa mikono inayotetemeka, wakaelezwa wang'oe milango ya ndani ya nyumba, waiegemeze ukutani, waizibe kwa mifuko ya mchanga na masanduku ya vitabu, kisha waingie chini yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa inafichwa. Nilipomsimulia shemeji, alinyamaza kidogo, akauliza milango yetu ni ya mbao au ya chuma.

Hatua ya nne imeondolewa kwa sababu za usalama wa taifa. Usiulize taifa gani.

Hatua ya tano: hesabu maiti mapema. Kila mtaalamu wa kile kitu atakwambia kwamba asilimia 90 ya Wamarekani watakufa ndani ya mwaka mmoja, kwa njaa, maradhi na kunyang'anyana. Nilitaka kujua nani alihesabu. Mwaka 2008, katika kikao cha kamati ya Bunge la Marekani, mbunge Roscoe Bartlett wa Maryland alileta mezani mambo aliyoyasoma katika riwaya ambayo hata ilikuwa haijatoka, *One Second After* ya William Forstchen, ambamo Wamarekani wengi mno wanateketea. Akamuuliza mwenyekiti wa tume ya wataalamu kuhusu hesabu ile, na mwenyekiti hakuikataa. Riwaya ikatoka mwaka 2009 na utangulizi ulioandikwa na Newt Gingrich, spika wa zamani wa Baraza la Wawakilishi. Tangu hapo namba inatembea: mtu ananukuu Bunge, na Bunge lilikuwa limenukuu riwaya. Mimi nimeandika hadithi fupi tatu maishani mwangu na hata mjumbe wa nyumba kumi hajazinukuu.

Mheshimiwa Bartlett, lazima niseme kwa heshima, hakuwa mnafiki. Alipoondoka bungeni mwaka 2013 alikwenda kuishi kwenye vibanda vyake milimani West Virginia, na umeme wake wa jua, mbali na gridi. Wangapi wanaotutisha wanahamia kule wanakotuambia tuhamie?

Hatua ya sita, chakula. Marekani wanauza ndoo za chakula kilichokaushwa, zimeandikwa kwamba zinadumu miaka 25. Shemeji anazo sita chini ya kitanda. Nilimwambia kwamba kwetu ndoo ya namna hiyo haiwezi kudumu, maana wageni wa msiba mmoja watatosha. "Ndiyo maana sijamwambia mtu, shem," akajibu, kwenye grupu la familia lenye watu 64.

Hatua ya saba ni ngumu zaidi, na ni ya kwetu hasa. Acha kujidanganya kwamba wewe giza umelizoea.

Nawajua mtakaojitapa. Mtasema Mmarekani akikosa umeme saa moja anaita jeshi, sisi tuna koroboi, tuna jiko la mkaa, tuna redio ya betri, tumekulia kwenye mgao. Nilisema hivyohivyo mimi. Lakini giza letu lina adabu moja: linarudisha umeme. Ndiyo maana watoto wa mtaa mzima wanajua kupiga ile kelele ya "umerudiiii". Hakuna anayeshangilia kitu ambacho hakutegemea kirudi. Na wakati tulipokuwa tunajisifia koroboi, maisha yote yalihamia kwenye simu. Muuza vitumbua wa mtaani kwetu amebandika namba ya malipo kwenye kifuniko cha beseni. Siku ya majaribio yangu, nitakayoieleza, nilimfuata bila simu, na mfukoni nikakuta shilingi 700. Akanitazama kwa huruma ambayo zamani tulikuwa tunamtazama nayo mtu aliyepotea njia. "Anko, simu imezima?" Nikasema ipo kwenye kopo. Hakuuliza la pili, akanipa vitumbua viwili na kuita mteja wa nyuma yangu.

Isitoshe, gridi haihitaji nyuklia ili ianguke. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha kufua umeme cha Gitaru nchini Kenya, akadondokea transfoma. Transfoma ikajizima, mitambo mingine ikaelemewa, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na Kenya nzima ikaingia gizani kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili alitoka hai, akachukuliwa na watu wa wanyamapori. Kampuni ya KenGen ilitoa taarifa siku ileile ikamtaja tumbili waziwazi. Hapa ndipo unapoiona taabu ya kutawala: ukificha, watu wanasema unaficha, ukisema ni tumbili, shemeji wangu mpaka leo anauliza nani alimtuma.

Turudi kwenye hatua ya nne, niliyokuficha. Naomba ujiandae, maana mimi mwenyewe ilinichukua wiki kuipokea. Hatua ya nne ni kusoma ripoti.

Zipo. Bunge la Marekani lilianzisha mwaka 2001 tume ya kuchunguza mpigo huu, ikiongozwa na William Graham. Ripoti yake ya kwanza ilitoka hadharani tarehe 22 Julai 2004, siku ileile ilipotoka ripoti ya mashambulio ya Septemba 11, na kwa hiyo ikapita kama mtu anayeingia harusini wakati bibi harusi anashuka garini. Ya pili, mwaka 2008, ina sura ya umeme, sura ya mabenki, sura ya maji, sura ya chakula. Walijaribu magari 37. Ukisikiliza jumbe za shemeji, barabara zote zitajaa magari mfu. Kwenye majaribio magari matatu yalizima injini zikiwa zinawaka, na barabarani dereva angewasha tena tu. Machi 2019 Rais Trump alitia saini amri nzima kuhusu mpigo wa sumakuumeme, ikachapishwa, ikiwa na vipengele na vifungu vidogo vya vipengele. Hakuna anayezisoma. Mimi nililala mara mbili kwenye sura ya umeme.

Wala usinielewe kwamba siri hazipo. Uliona Kazakhstan. Ila hii ambayo watu wanauziwa ndoo na mifuko kwa ajili yake ni kopo la mama: limefunikwa vizuri, liko juu ya kabati, linavutia, na ukilifungua unakuta nyuzi. Nyuzi ni kitu cha maana. Hakuna tu mtoto anayezifurahia.

Nyuzi zenyewe ni transfoma. Zile kubwa za gridi, zenye uzito wa tani mia na zaidi, haziuzwi dukani. Zinatengenezwa kwa oda, moja moja, na kuingoja moja kunaweza kuchukua mwaka au zaidi, kisha utafute meli, kisha utafute daraja litakaloibeba. Zikiungua nyingi kwa mpigo mmoja, hakuna koroboi itakayokusitiri hadi zije. Na mwenye uwezo wa kuziunguza si bomu peke yake. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ya jua iliiangusha gridi ya Quebec, Kanada, ndani ya dakika mbili hivi. Watu milioni sita walikaa gizani saa tisa. Mwaka 1859 dhoruba kubwa zaidi iliwapata mafundi wa telegrafu, na wawili kati yao, mmoja Boston na mwingine Portland, wakachomoa betri zao na kuendelea kutumiana habari kwa umeme uliotoka mbinguni, bure, bila luku. Jua halina wizara. Halitoi taarifa kwa vyombo vya habari, na halina msemaji wa kukanusha.

Ndiyo maana nikaingia kwenye matatizo niliyoingia.

Ijumaa tarehe 10 Mei 2024 jua lilirusha dhoruba ambayo haijaonekana kwa takriban miaka ishirini. Mashambani Marekani, katikati ya msimu wa kupanda, matrekta yanayoongozwa na satelaiti yalipoteza mstari, wakulima wakasimama. Ohio anga iligeuka waridi. Shemeji alitoka kwenye maegesho ya ghala, akapiga picha, akanitumia na ujumbe mfupi kuliko wote aliowahi kunitumia: "Shem. Imeanza."

Jumapili tarehe 12, nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Na jua hazina undugu. Ziliumia huko baharini kama nyaya zinavyoumia. Lakini intaneti ya Tanzania ililegea, ujumbe ukawa unakwenda kwa tiki moja. Na ni Jumapili hiyohiyo, mimi nisiyejua lolote, niliyoamua kufanya jaribio langu la mwisho: simu ndani ya kopo kuanzia asubuhi hadi magharibi.

Jioni nilifungua foili. Zikaanza kumiminika taarifa za mtandao za simu zilizopigwa nikiwa sipatikani. Shemeji, mara 19. Alipochoka kunikosa alimpigia dada yake kwa simu ya kawaida, na mke wangu, ambaye alikuwa anakaanga samaki na hana muda na mambo yetu, akamjibu ukweli mtupu: "Yupo, ila simu yake kaifungia kwenye kopo."

Ungekuwa wewe ungeelewa nini? Ujumbe wake kwenye grupu ulikuwa umefika saa tisa alasiri: "Familia, hali si nzuri. Shem kaingiza simu kwenye kopo tangu asubuhi. KUNA KITU ANAJUA." Chini yake, shangazi wa Tanga alikuwa ameuliza kama ajaze maji. Binamu wa Morogoro alikuwa amekwisha kununua mishumaa pakiti nne, na picha akaweka. Mjomba mmoja ambaye hajaandika neno kwenye grupu lile toka msiba wa 2021 alikuwa ameandika, "Mungu atusaidie."

Nikaandika maelezo marefu. Nikaeleza Faraday, nikaeleza rangi ya ukingo, nikaeleza nyaya za baharini, nikasema kwamba niko salama, hakuna lililotokea, na hakuna ninachokijua.

Tiki moja. Tiki mbili. Shemeji akawa anaandika, akaacha, akaandika tena.

"Sawa shem. Naelewa huwezi kuongea."

Nikajibu kwamba naweza kuongea vizuri kabisa. Alikuwa amekwisha kufuta ujumbe wake.

Mama akatoka chumbani na gauni la kanisani mkononi, kifungo kimoja kimekatika, akinyoosha mkono kwenye kopo lake. Akalizungusha. Akapitisha kidole kwenye ukingo uliokwanguliwa, akabandua kipande cha foili, akachungulia ndani akaona kadibodi, kisha akanitazama kwa muda mrefu.

"Nani kakutuma?"